Makopo ya Dawa ya Nywele

Mjukuu wangu Oliva,

Shikamoo yako imefika, na marahaba ninaitikia huku nikicheka, maana umri wetu ni karibu sawa. Ni ukoo tu ulionifanya bibi yako. Huku Liuli tuko salama. Mwanangu ameanza kutambaa, na usipa, wale dagaa wa ziwa letu, wanapatikana.

Umeuliza kama utuletee makopo matupu ya saluni yenu huko Songea, tuyatumie kuwekea chumvi, badala ya kutupwa. Wazo ni zuri, ila ngoja nikuambie.

Nilipokuwa msichana, mama alipewa kopo la dawa ya kulainisha nywele. Alilisugua kwa mchanga ziwani, kama tunavyosugua sufuria, likatakata. Mfuniko akampa mdogo wangu Beno auchezee. Kumbe ndani ya ukingo wake dawa ilikuwa imeganda. Beno akaulamba, ikamuunguza mdomo na koo. Hatukuwahi kumfikisha hospitali. Tulimzika.

Baada ya matanga jirani akamwambia mama, "Dada, hilo kopo litupe ziwani usilione tena."

Mama akamjibu, "Likielea mpaka Mbamba Bay, kule hakuna watoto?" Akachukua jembe, akalifukia mwenyewe, chini sana.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, makopo ya mafuta ya kujipaka tuletee, tutayatumia. Ya dawa usituletee, wala usiyaache jalalani wanakookota watoto. Muulize mwenye saluni kama anayemuuzia dawa anaweza kuyachukua. Akikataa, muulize tena.

Bibi yako,
Skola