Baba Hakukohoa

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wanao wote, na yule mkorofi wa katikati mpe zake peke yake asije akasema nimemsahau. Natumaini mgongo wako umepoa, ingawa nakujua, ukiambiwa usinyanyue kitu kizito ndipo unapoona kabati halijakaa mahali pake. Mimi ni mzima wa kula na kulala. Mengine utayasoma humu, na nakuomba usiisome barua hii karibu na chumba cha Baba. Simu zako niliziona zote. Sikupokea kwa sababu sauti yangu unaijua, ningesema “haloo” tu ungenibana mpaka nikatapika yote bila mpangilio. Kwenye karatasi angalau naweza kupumua.

Barua yako nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Nimeelewa kwamba Baba hatoki tena kitandani, na kwamba daktari aliwaita kando akawataka mjiandae. Nimeelewa pia kwamba anataka jambo moja tu kwangu: nije nikae kwenye piano yake pale sebuleni, nipige, yeye anisikilize kutoka chumbani mlango ukiwa wazi. Unasema fundi ameshakaza nyuzi na kilichobaki ni mimi kutaja siku. Jibu ninalo, Dada. Ila nikilitoa hivihivi utaniona nimeota mapembe, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka Baba alivyotufundisha. Wanafunzi wake wa shuleni aliwaeleza kwa maneno, akawaandikia ubaoni, akawashika hata mikono. Sisi wa nyumbani alitukoholea. Mimi nikiwa sebuleni kwenye mazoezi, yeye chumbani na madaftari yake ya kusahihisha, kila nilipoweka noti ambayo kwake haikuwa na kazi, alikohoa. Mara moja, kikavu, basi. Wewe uliiacha piano mapema, ukasema huwezi kuishi na mzee mwenye mapafu ya chuma anayekohoa kama mgonjwa wa wodini. Mimi nilibaki, nikaona ni mashindano. Akikohoa naongeza noti mbili. Akikohoa tena naongeza mkono mzima. Marehemu Mama alikuwa anakuja kufunga mlango uliokuwa kati yetu, akituuliza kama tungependa atuitie mwamuzi. Siku naondoka nyumbani, Baba aliniambia kwamba vidole vyangu vina umbea, kwamba havijawahi kukutana na jambo vikalinyamazia. Nilibeba sanduku langu nikaenda zangu nikiwa nimevimba kwa hasira, na nadhani hasira hiyo ndiyo iliyonilisha miaka yangu ya mwanzo huku.

Maana miaka hiyo haikuwa na kingine cha kunilisha. Nilipiga kwenye mkahawa wa hoteli moja, piano imesukumwa kwenye kona karibu na mlango wa jikoni, na vijiko vilisikika kuliko mimi. Wateja walioniona ni wale waliotafuta pa kuweka glasi. Huko ndiko alikonikuta mpiga besi mmoja, mrefu mpaka tunamwita Mnara, aliyekuwa na kikundi cha watu wanne cha jazi na alikuwa anatafuta mtu wa piano. Aliniambia baadaye kwamba alikuja kula tu, akajikuta ameshika uma hewani chakula kimepoa. Wiki ileile nilihamia kwenye kikundi chake.

Wewe hujawahi kukaa ukumbini tukipiga, kwa hiyo nikueleze kazi yenyewe. Tunaanza wote na wimbo ambao kila mtu anaujua. Kisha mmoja anaachiwa njia, aupeleke wimbo anakotaka yeye, wengine wanamfuata kwa masikio, na akishiba anatikisa kichwa anamkabidhi mwenzake. Hakuna kilichoandikwa. Unasikiliza, unajibu. Zamu yangu ilipofika nilikuwa naachia vidole kama maji ya bomba lililopasuka, watu wakaacha mazungumzo yao, na Mnara akanibatiza jina la Cherehani. Jina likashika. Lilipakwa kwenye mabango, watu wakaliita kwa sauti kabla hata hatujapanda jukwaani. Tulisafiri, tulipiga kwenye kumbi ambazo viti vyake vilikuwa laini kuliko kitanda changu. Nilikuwa na furaha, Dada. Naliandika hilo wazi kwa sababu sitaki ufikiri kwamba maisha yangu yote yalikuwa haya ninayokuandikia leo.

Baba alikuja kunisikiliza mara moja. Hili sikukueleza vizuri wakati ule, nilikwambia tu kwamba alikuwa na haraka ya kurudi. Nilimwona kwenye safu ya tatu amevaa lile koti lake la mahafali, na nikapiga jioni ile kama mtu anayefukuzwa. Kila nilichowahi kujifunza nilikimwaga pale. Watu walisimama kwenye viti. Wakati wa mapumziko nilishuka kumtafuta nikakuta kiti kitupu, na mlinzi wa mlangoni akanipa ujumbe wake: kwamba yote aliyasikia kwenye wimbo wa kwanza, yaliyofuata yalikuwa marudio, na kwamba mwanawe ni cherehani isiyo na kitambaa. Mlinzi mwenyewe aliona aibu kuyasema. Tangu hapo, mimi na Baba tumekuwa watu wa salamu. Hujambo, sijambo, mvua imenyesha huko, ngoja nikupe dada yako.

Sasa nije kwenye mwaka jana. Mwaka jana upigaji wangu ulibadilika. Nilianza kuacha nafasi. Mahali ambapo zamani ningepita na noti ishirini, nilikuwa naweka tatu na kunyamaza, na katika ule ukimya besi ya Mnara ikaanza kuonekana, na mpiga dramu akaacha fimbo akashika brashi za kupapasa ngoma, na hata yule mpiga saksafoni wetu, ambaye hupenda sauti yake kuliko mkewe, akapunguza. Baada ya onyesho la kwanza la namna hiyo, Mnara alinikumbatia nyuma ya jukwaa, akaniambia amenisubiri miaka yote hii nikomae, na sasa nimekomaa. Mtangazaji mmoja wa redio alisema Cherehani imezimwa na mtu ametokea. Tukaingia studio tukarekodi ile albamu, nyimbo zote za polepole. Vijana wapigaji walianza kuja kwenye mazoezi yetu kuniuliza najuaje pa kunyamaza. Nilikuwa nawaambia wasikilize tu. Walitikisa vichwa kana kwamba nimewapa siri kubwa.

Kisha ikaja barua yako. Umeandika kwamba mlimwekea Baba albamu hiyo bila kumwambia ni nani anapiga. Kwamba yeye ambaye sasa anakohoa kutwa nzima kwa ugonjwa wa kweli, alijizuia, akashika shuka kwa mikono miwili, na kwa wimbo wote ule wa kwanza hakukohoa. Kwamba ulipomwambia ni mimi, alisema mtoto sasa amejifunza, na akaomba niitwe. Dada, nilikuwa nimesimama dirishani nikisoma. Nilikwenda nikakaa kwenye sakafu ya bafu nikalia mpaka jirani akagonga ukuta. Nimelisubiri neno hilo tangu miguu yangu haijafika kwenye pedali. Nilikwisha kujiambia silitaki tena, na nilikuwa najidanganya, nalitaka kuliko chochote.

Na sikustahili. Hapa ndipo nilipokuwa naogopa kufika.

Sikujifunza kitu. Vidole vyangu vimekufa. Kabla tu ya mabadiliko hayo ya mwaka jana, siku moja kwenye mazoezi, kidole cha mwisho na cha pembeni yake kwenye mkono wa kulia vilijikunja vyenyewe kuelekea kiganjani. Nilivinyoosha, nikagusa piano, vikajikunja tena. Nilidhani ni uchovu. Nilipumzika, nilichua kwa mafuta, niliweka maji ya moto, nilifanya mazoezi maradufu, na hilo la mwisho, daktari aliniambia baadaye, ndilo lililonimaliza. Ule ukimya wote ulikuwa ni mahali ambapo vidole viligoma. Noti nilizisikia kichwani, zote ishirini, na nikaziona zikipita bila mimi. Nilikuwa nimekaa pale mbele ya watu nimejaa hofu, na wao wakauita ukimya huo ukomavu.

Kinachonitia wazimu ni kwamba mkono ni mzima. Nafunga vifungo vya shati. Namenya viazi. Barua hii nakuandikia kwa mkono huohuo, na unaona hati yangu haijapinda hata kidogo. Ukiuweka juu ya piano tu, unakunjika. Daktari amenieleza kwamba kidole hakina kosa, ni ubongo uliosahau njia yake kwa kuipita mara nyingi mno. Nilimuuliza kama itarudi. Alianza kunieleza kuhusu watu wengine, na mtu akianza kukueleza kuhusu watu wengine unajua jibu lako. Mwezi uliopita kidole gumba nacho kimeanza kuvutwa ndani. Sasa siwezi hata zile noti tatu.

Nimemwambia Mnara nimeteguka kifundo cha mkono. Wamepata mtu wa kunishikia nafasi, binti mmoja hodari, mwenye adabu. Nilikwenda kuwasikiliza nikakaa nyuma kabisa. Dada, yule binti ana vidole kumi vizima, na anaviacha viwili vinyamaze makusudi, mahali palepale vyangu viliposhindwa. Ameisikiliza albamu mpaka ameushika ugonjwa wangu kwa moyo. Watu walipiga makofi. Alikuja kuniamkia akaniuliza kama amekosea popote, nikamwambia hapana, yuko sawa kabisa. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa sioni ninapokanyaga.

Najua utakachosema. Utasema njoo tu, mshike mzee mkono, piano waachie wenyewe. Nimelifikiria. Lakini Baba hataniita nije nimshike mkono, ataniambia nikae nipige, na akiambiwa mkono umeteguka atauliza ni upi, na atataka nipige na mwingine. Masikio yake unayajua. Nikigusa mara mbili tu atakuwa ameshaelewa, hata yale ya kwenye albamu atayaelewa, yote. Atajua kwamba kitu pekee alichowahi kukisifu kwa mwanawe kilikuwa kilema. Na mimi nitakuwa nimekaa pale sebuleni nikisubiri akohoe, na safari hii nitashindwa kujua kama anakohoa kwa ajili yangu au kwa ajili ya kufa.

Kwa hiyo siji, Dada. Hilo ndilo jibu langu. Nimejaribu kuliandika mwanzoni mkono ukakataa, na mkono huu kwa kuandika haujawahi kunikatalia.

Mwambie nimebanwa na kazi. Mwambie albamu imetupeleka mbali na mikataba haivunjiki. Atakasirika, atasema nimepata kichwa kikubwa, atakuagiza usilitaje jina langu mle ndani. Mwache. Hasira yake naijua, nimelala nayo na kuamka nayo tangu utoto, naweza kuibeba. Huruma yake siijui, na sina nguvu ya kuanza kujifunza. Neno moja alilonipa nataka afe nalo likiwa kweli kwake, hata kama sisi wawili tunajua sivyo. Najua nakutwisha mzigo usio wako. Wewe ndiye utakayemgeuza kitandani na kumlisha huku akinilaani, nawe umefunga mdomo. Ukinichukia kwa hili sitakulaumu, nami nina siku najichukia vilevile.

Siku ikifika nipigie, nitapokea. Nitakuja kumzika. Siku hiyo hakuna atakayeniomba nipige.

Shemeji mpe pole ya kuamka usiku na mgonjwa ambaye si baba yake. Watoto wabusu. Na Baba mpe salamu zangu, lakini ukishampa toka chumbani mara moja, usikae kumtazama. Uso wako, Dada, haujawahi kujua kuficha.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda