Ng'ombe Waliovuka Mto Siku ya Rali

S.L.P. 23,
Matiliku.
Tarehe 21 Aprili, 1985

Mpendwa kaka Kiilu,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Sisi ni wazima, ila mimi nimechokeshwa na watu. Je, wewe u hali gani huko Mumias? Kile kifua kilichokusumbua Krismasi kimepona? Na Wahome mnayeishi naye, bado anapika ugali mbichi? Mama anauliza kama unalala kwenye chandarua, kwa sababu amesikia mbu wa huko ni wakubwa. Nimemwambia hajawahi kumwona hata mmoja, lakini amesema niandike, basi nimeandika.

Mama mwenyewe hajambo. Magoti yanamuuma akiamka, lakini jua likipanda anayasahau. Shule yangu ya chekechea imefungwa kwa likizo, na laiti ingekuwa wazi, ningekuwa na watoto wadogo tu wa kuangalia.

Sasa tafuta kiti ukae, kaka. Nina habari za ng'ombe wako wawili, Soja na Kanali. Sitaki uzisikie kwa mtu mwingine halafu uje kunilaumu, maana katika nyumba hii kila kitu kikiharibika husemwa ni mimi Ndila sikuangalia.

Unajua njaa ya mwaka jana, hii watu wameita Nikw'a Ngwete, yaani nafa na pesa nimeshika mkononi, ilitufanya nini. Ukitoka kwetu mpaka sokoni huoni ng'ombe wa kulima isipokuwa hao wako. Tulikula yale mahindi ya njano ya Amerika mpaka yakaisha. Na wakati huo wote Mama alikuwa na kibuyu cha mbegu, mahindi ya Katumani yanayokomaa upesi na kunde, kimening'inia juu ya moto, na ole wake atakayekigusa. Tulilala njaa na chakula kikiwa juu ya vichwa vyetu. Kwa hivyo kazi yetu mwaka huu ilikuwa moja tu: mvua ikinyesha, mbegu ya Mama iingie ardhini kabla udongo haujakauka. Mvua ya kwetu si kama ya huko kwenu ya kila jioni. Ikija mara mbili tatu inajiona imefanya kazi kubwa, inaenda zake.

Ikanyesha Alhamisi kabla ya Pasaka. Haki ya Mungu, watu walitoka nje wakasimama kwenye matone wakicheka peke yao. Ijumaa Kuu hakuna mtu wa kanisa letu anayefunga nira, hilo unalijua. Basi tukapanga kwamba Jumamosi alfajiri ndugu yetu Musyoka ashike plau, mimi nifuate nyuma nikitia mbegu. Akaniitikia, "Sawa, dada," kwa sauti ya malaika. Hapo ndipo nilipopaswa kumshuku.

Jumamosi naamka, plau iko, Musyoka hayuko. Soja hayuko. Kanali hayuko. Nira na mnyororo pia vimekwenda.

Nilikuwa nimesahau ni siku ya Safari Rali. Magari yalikuwa yateremke kutoka Nunguni, yapite hapa, yavuke mto pale kwenye drifti, kile kivuko cha saruji, yaelekee barabara ya Mombasa. Ndugu yetu na wenzake walikuwa wamepiga hesabu zao kwamba mvua ikinyesha magari yatakwama, na yakikwama yatataka ng'ombe. Mtu huyu hajui hata debe la mbegu hupandwa wapi, lakini hilo la magari alikuwa amelipanga tangu Februari!

Nilipofika mtoni, jua lilikuwa kali na barabara imekauka juu. Magari ya kwanza yalipita kwa mbio, yakatuachia vumbi mdomoni. Kila mtu alikuwa pale. Mchungaji alikuwa pale, ameshika mwavuli na anapiga makofi. Nikamwambia Musyoka twende shambani, hakuna gari lililokwama. Akasema, "Dada, moja tu." Nilikuwa nimeshashika kamba ya Kanali wakati wingu lilipoteremka kutoka Nunguni.

Ai, kaka, ilikuwa mvua ya kumwagwa na ndoo. Unajua ile sehemu ya udongo mweusi kabla ya drifti. Gari lililofuata lilifika pale likaanza kuteleza upande upande, likageuka zima likaangalia Nunguni lilikotoka. Jingine likaja vioo vyote vimejaa matope, na yule msoma ramani amechomoza kiuno kizima nje anapangusa kioo kwa gazeti. Vijana wenye redio nao wakaanza kubishana: huyu amevaa matairi ya kiangazi, yule ni mjanja amebadilisha kule juu. Wanajua matairi ya Wazungu wote, na jembe la nyumbani kwao halina mpini!

Halafu mvua ikaacha, jua likatoka, matope yakawa gundi. Kabla gundi haijakauka, mvua tena. Waliopita wakati wa vumbi walishaenda na ushindi wao, na waliokuja nyuma wakarithi shida. Jioni redio ilisema kwamba hali ya hewa imevuruga mashindano. Nusura niitupe ile redio nje. Sisi tumeomba hiyo hali ya hewa kwa magoti mwaka mzima, leo imekuja, wao wanasema imevuruga!

Musyoka, Mungu amsamehe, ilikuwa siku yake. Alivuta gari la kwanza, akavuta la pili, watu wakimshangilia. Mzungu mmoja akampa kofia na karatasi za kubandika za matangazo ya mafuta ya injini, naye akambandika Soja moja katikati ya paji la uso. Nikamwambia wale ng'ombe wanatakiwa shambani, unyevu unapotea. Akanijibu, "Dada, dunia nzima inatuangalia." Dunia gani? Mimi niliona ndege moja ikizunguka juu, nayo ikaondoka.

Sasa gari moja likavuka drifti likatumbukia kwenye mtaro wa ng'ambo ile. Musyoka akavusha ng'ombe. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Hata kabla hajafungua mnyororo, mto ukaja. Maji mekundu, magogo, mti mzima na mizizi yake. Gari lilitoka likaenda zake, yaliyobaki yakaelekezwa njia nyingine, na watu wakarudi makwao wakiimba. Musyoka na ng'ombe wakabaki ng'ambo ile, mimi na kibuyu cha Mama tukabaki ng'ambo hii.

"Utalala wapi?" nikamwuliza.

"Kwa kina Nthenya!" akanijibu, anapunga kofia.

Nadhani sasa umeanza kukaa vizuri kwenye hicho kiti. Ndiyo, Nthenya huyo huyo, mkeo, aliyerudi kwa baba yake na watoto wako wawili mwaka jana barua zako zilipokatika. Na baba yake ni Mzee Nzuki yule yule uliyemwahidi ng'ombe wa mahari tangu mtoto wa kwanza, kila mwaka ukisema utaleta ukipata likizo.

Jumapili ya Pasaka mto bado ulikuwa umejaa. Mama akachukua jembe akaingia shambani. Ndiyo, Mama huyu wetu, ambaye Jumapili hata kuni hapasui! Mchungaji akasimama njiani akamwuliza kama amesahau siku. Mama hakuinua mgongo. Akasema, "Aliyeleta mvua anajua ni Jumapili." Mchungaji akaenda zake. Nilitamani kumwuliza kama rali imo kwenye Zaburi, lakini nikanyamaza kwa heshima. Nikatoka kanisani nikaenda kumsaidia Mama, na mpaka jioni tulikuwa tumefungua kipande cha kutosha kuku kuoga.

Jumatatu maji yakapungua, nikavuka. Nikawakuta Soja na Kanali ndani ya boma la Nzuki, wamekatiwa majani, ile karatasi bado usoni. Wazee watatu wameketi kando na makoti ya kanisani. Mzee Nzuki akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ndila mwanangu, mwandikie Kiilu umwambie nimepokea. Nimengoja sana, lakini mtu mwungwana hachelewi bure. Na huyu mmoja amempamba hata uso!"

Nikamtazama Musyoka. Musyoka akatazama kofia yake.

Nikamvuta kando. Kumbe Jumamosi alipofika, mzee alimwuliza ng'ombe ni wa nani. Akasema, "Ni wa Kiilu, baba. Waingie wapi?" Ngai! Ng'ombe wa mkwe, wanaletwa na ndugu wa mkwe, na ndugu mwenyewe anauliza waingie wapi! Jumapili Nzuki akaita wazee, akachinja mbuzi, wakaomba, na ndugu yetu akapewa nyama ya aliyeleta. Akaila yote.

"Hukujiuliza mbuzi anachinjwa kwa nini, baada ya njaa kama ile?"

"Nilidhani ni ya Pasaka," akasema.

Nilijaribu, kaka, usiseme sikujaribu. Niliwaambia wazee kwamba wale ng'ombe walikuja kuvuta magari. Nzuki akasema magari yalienda, ng'ombe walibaki. Mzee mwingine akasema nyama iliyoliwa haitapikwi. Nthenya alikuwa kwenye mlango wa jikoni, ananisikiliza. Nikarudi nyumbani nikilia kwa hasira, na njiani nikaona udongo wa shamba letu umeanza kuwa mweupe juu.

Nilidhani Mama angelia pia. Alinisikiliza, akanawa miguu, akauliza kama Nzuki alisema "nimepokea" mbele ya wazee au peke yake. Jumanne asubuhi akavaa nguo ya kanisani, akaniambia nimfuate.

"Umepokea?" akamwuliza Nzuki.

"Nimepokea."

"Mbele ya wazee?"

"Mbele ya hawa hawa."

"Basi mke ni wetu. Nimekuja kumchukua. Lakini shamba lake halijalimwa, na msimu unaisha. Unataka watu waseme ulimtoa mtoto wako kwenda kukaa njaa?"

Wazee ndio waliocheka kwanza. Mwishowe Nzuki akasema atatuazima ng'ombe mpaka tumalize kupanda. Ng'ombe wetu wenyewe, kaka. Tumeazimwa, na tukashukuru.

Hapo Nthenya akatoka jikoni. "Mimi sijaulizwa," akasema. "Ng'ombe nimewaona. Kiilu sijamwona."

"Hata mimi," Mama akamwambia.

Nakuambia, hapo nilikuona wewe ni mtu mbaya. Kisha Nthenya akasema, "Nitakuja kupanda. Kukaa ni habari nyingine." Akamfunga mtoto mdogo mgongoni, mkubwa nikamshika mkono, tukavuka.

Jumatano tukalima. Nthenya alishika plau mwenyewe, akasema Musyoka hawezi kuaminiwa hata na mstari mmoja ulionyooka. Musyoka akaongoza ng'ombe mbele, Mama akatia mbegu, mimi nikafukia kwa mguu. Sehemu ya juu ya shamba ilikuwa imeshakuwa ngumu, inavunjika kama sahani, lakini Nthenya aliegemea plau kwa uzito wake wote na hakuacha. Kibuyu kikaisha Alhamisi. Ijumaa ikanyesha mvua ndogo, na sasa chini kote kumeota. Sehemu ya juu bado tunaingoja.

Soja na Kanali walirudishwa kwa Nzuki Jumamosi, na Musyoka alibandua ile karatasi kwa kisu mimi nikimsimamia. Kwa hivyo, kaka, huna ng'ombe tena. Umemaliza mahari bila kujua, na aliyekulipia amevaa kofia ya rali mpaka leo na anajisifu sokoni kwamba yeye ndiye aliyekuozesha. Usiniandikie barua ya hasira. Hasira yangu mwenyewe bado inanitosha.

Shangazi Muthoki wa Kabati alikuja baada ya Pasaka na anakusalimu. Mchungaji pia anakusalimu. Msalimie Wahome, mwambie maji yachemke kwanza ndipo atie unga.

Nthenya hakunituma salamu, nami siwezi kumtungia. Analala katika nyumba yako, lakini mfuko wake wa nguo uko nyuma ya mlango, haujafunguliwa. Amemwambia Mama atakaa mpaka kunde ziive. Zikiiva na njia iko tupu, anachukua watoto anarudi kwao, na safari hiyo hakuna mzee atakayekurudishia ng'ombe. Soja na Kanali walivuka mto kwa miguu wakamfikia. Wewe una basi.

Mungu akulinde, akupe afya, na akupe miguu ya kukuleta nyumbani.

Wako akupendaye hata akiwa amekasirika,
Dadako Ndila