Mila Niliyoitunga ya Kuuaga Mji wa Eldoret

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako kabla maneno ya daktari hayajatimia, maana amesema moyo wangu umechoka na huenda nisizione mvua zijazo, na mimi mwalimu mstaafu, niliyewachapa watoto wa watu miaka mingi kwa kusema uongo, nimetunga uongo wa kwangu na sasa unanishinda mbio.

Nina mjukuu, Nanyama, niliyemlea tangu mama yake afariki, naye amepata nafasi ya kwenda Ulaya kusomea uuguzi, na siku habari ilipofika nilicheza mbele ya majirani mpaka fimbo ikaniponyoka, lakini walipoondoka nikaanza kujiuliza ni nani atakayenishika mkono nikikata roho, basi alipokuja kuomba baraka nikamwambia, kwa sauti ya mimbarini, kwamba kwetu Wabukusu anayevuka bahari habarikiwi kabla ya kuuaga mji, yaani anywe chai katika kila nyumba iliyowahi kumlisha, na mzee wake awepo. Mshauri, mababu zangu hawakuwahi kuona mji! Huu wenyewe niliukuta ni posta, matope na magari ya ng'ombe ya Makaburu.

Akakubali. Hunipakia kwenye karia ya baiskeli kama gunia la mahindi na kunisukuma, kutoka lokesheni, mtaa wetu Waafrika, hadi kwa fundi cherehani, hadi kule chini mtoni Sosiani, na kila tukimaliza nyumba mimi nakumbuka nyingine.

"Kuka," huniuliza, yaani babu, "bado nyumba ngapi?"

"Chache tu, mjukuu wangu," nasema, na tumbo langu limejaa chai kama tangi la maji la stesheni.

Jelagat, mama Mnandi anayetuuzia maziwa, alinitazama akacheka. "Mwalimu, mila gani hii iliyozaliwa juzi? Mji huu nimeuona ukijengwa, sijaona mtu akiuaga." Nikakohoa mpaka akanionea huruma. Kibaya zaidi, Wepukhulu, mzee wa kanisa ambaye mwanawe anakwenda Bara Hindi kusoma, ameisikia mila hii, akanijia kuuliza kama kahawa inakubalika badala ya chai, nami, Mungu anisamehe, nikafikiri kidogo nikasema hapana.

Sasa treni ya kumpeleka Mombasa inaondoka Jumamosi ya wiki ijayo, na akiikosa meli nafasi yake atapewa mwingine. Hajui daktari alivyosema. Nikimwambia ukweli atanidharau, au atabaki, na aibu yangu ni kwamba hilo la pili ndilo ninalolitamani. Nifanye nini?

Mwalimu Murunga, Eldoret

Mzee Murunga,

Nilikuhurumia, kisha nikacheka, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyobaki. Wewe uliyewahimiza watoto wa wenzako waende mbele, wa kwako unamzungusha mjini kwa vikombe vya chai! Kufa bila mtu wako karibu kunatisha, sikukatalii. Lakini binti huyu akiikosa meli atakulaumu maisha yake yote, nawe hutakuwepo kumwomba radhi.

Tena msichana aliyechaguliwa kwenda Ulaya hashindwi kujua umri wa mji aliokulia. Nadhani alikugundua tangu nyumba ya pili, akaendelea kukusukuma kwa sababu hata yeye hajui aanzie wapi kuagana nawe.

Basi fanya hivi, na ufanye leo. Mketishe, mweleze alichosema daktari, kisha ulichokitunga, bila kukohoa. Usimwulize kama angependa kubaki, swali hilo ni mtego mwingine. Mwambie aende. Mpe baraka za kweli, zile za wazee wako unazozijua vizuri. Mzee Wepukhulu mruhusu anywe kahawa yake, na umweleze kwa nini. Mama Jelagat, ambaye humdanganyi kwa urahisi, mwombe awe anaingia kwako kila asubuhi akileta maziwa. Aliyeuona mji ukijengwa atakuwa na mengi ya kuzungumza nawe.

Jumamosi nenda stesheni mapema, usimame chini ya dirisha lake, mcheke pamoja. Treni ikianza kusogea, mpungie mikono yote miwili, usibaki na hata mmoja wa kumshikilia.