Bunduki Isiyo na Magazini

Mjukuu wangu Biira,

Pokea salamu zetu kutoka Bwera. Sisi wazima, bibi yako amerudi jana kutoka Nyakiyumbu na gunia la maharage, na mguu wake umetulia. Picha uliyotuma kwenye simu nimeiona. Huyo kijana mwenye bunduki ni mimi, wakati wa vita, lakini sikuwa askari.

Rafiki yako anayekusanya picha za vita anasema ni bunduki aina ya SKS, kwa kuwa haoni magazini, kile kisanduku cha risasi, chini yake. Mwambie atazame nyuma ya kidole changu cha kufyatulia: kuna mpini wa kushikia. SKS haina huo. Hiyo ni AK iliyochomolewa magazini.

Vijana tulipenda kupigwa picha na bunduki, na askari wa kizuizi cha barabara walituazima zao. Yule wangu alichomoa magazini kwanza, akahakikisha hakuna risasi iliyobaki ndani, akaitia ile magazini mfukoni.

"Afande, unaniogopa?" nikamuuliza.

"Simama. Piga picha. Rudisha."

Kwenye picha mimi nacheka na kamera. Yeye ndiye huyo pembeni; haangalii kamera, anaangalia kidole changu.

Sasa huyo rafiki yako. Unasema kila mara anauliza jina la aliyeishika bunduki na kijiji chake. Mtu anayetaka kujua aina ya bunduki anataka kijiji changu cha nini? Mjibu habari ya mpini tu. Jina langu litie mfukoni, kama yule askari alivyotia magazini yake.

Babu yako