Bi Harusi Kwenye Waya

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
Jumatatu

Dada yangu Badria,

Shikamoo dada. Naomba Mungu karatasi hii ikukute umeamka vizuri, shemeji Idrisa mguu umepungua kuvimba, na mama mkwe wako anakula bila kusumbua. Sisi huku wazima, joto tu ndo linatumaliza, na Kalpesh mwenye jengo kaleta tena mafundi, wanagonga ukuta toka watu hawajanywa chai. Ranjanben wa mlango wa pili anakusalimia sana, anauliza nazi za Kilwa utamletea lini. Mwanao Najma mzima, kanywa uji, kalala. Mimi mwili mzima. Moyo ndo unawaka moto, dada, na aliyeuwasha ni wewe.

Voisi yako nimeipata. Nikaisikiliza, nikadhani umekosea namba, nikairudia tena nikiwa nimekaa chini. Umeniita mtu mzima hovyo. Umesema nimemtoa mwari ndani nikampeleka porini kama mbuzi, na simu ya mkwe wako nimeizamisha kwa uzembe. Haya, mwisho ukasema usomo wa kumfunda mwari umeninyang'anya, Ijumaa Najma ahamie Magomeni kwa wifi yake, akamalizie kusuguliwa singo huko huko mpaka siku ya ndoa. Mimi niliyemkata kitovu. Mimi niliyemfundisha kufunga kanga. Sikulala vizuri, dada, na si unajua mi usingizi haujawahi kunigomea.

Sasa hii ni barua, wala usishangae. Ningekupigia, lakini simu yako, na usinune, siyo simu, ni redio. Unaweka spika unachambua mchele, shemeji anasikia, mama mkwe anasikia, na muuza mihogo barazani anachangia. Voisi ndo kabisa, ikitoka kwangu jioni asubuhi iko Magomeni, maana hata mimi za watu nimezisambaza nyingi tu. Elieshi wa steshenari alitaka kuniandikia kwenye kompyuta, nikaona hapana, haya hayapiti jicho la mtu. Kwa hiyo mkono ni wangu, mistari ikipanda mlima nivumilie. Nimempa Hashimu anayesafiri kuja huko Kilwa, akukabidhi wewe, siyo shemeji. Nenda kasome chooni.

Ilikuwa hivi. Alikuja dada yake bwana harusi Abdulmajid, yule wifi wa Magomeni, kabeba boksi la tende na mdomo mtamu. Akasema kaka yake ana zawadi kwa bi harusi. Kuna kampuni inapeleka watu msituni huko upande wa Kisarawe, nusu siku tu, mnaendesha pikipiki za matairi manne, mnaruka kwenye waya, mnaogelea, adhuhuri mko nyumbani. Wanawake watupu, alisema. Nikamwambia mama, huyu mwari, kashaanza kupakwa singo, kashafukizwa udi, jua halimgusi wala upepo haumwoni mpaka siku yake. Akacheka, akaniambia mama mdogo umebaki zamani, siku hizi bi harusi wote wanaenda, hata wa Masaki. Nikamwambia wa Masaki na waende, huyu ni wa Kariakoo. Ndo akatoa neno la mwisho, kwamba kakupigia wewe na wewe umesema sawa.

Hapo ndo niliponasa, dada. Sasa naomba unijibu. Ulisema sawa au hukusema? Kama ulisema, matusi yale ya nini. Na kama hukusema, basi kanidanganya mtu huyo huyo unayetaka Ijumaa nimpelekee mwanao.

Jumamosi asubuhi gari likaja mpaka mlangoni. Nimemfunika Najma ushungi, na mtandio juu yake, na mwavuli juu ya mtandio, watu wa mtaa mzima wamesimama wanatazama kama tunatoa kabati. Mlango wa gari unafunguka, nani kakaa mbele? Abdulmajid. Miwani ya jua, kaptula, miguu nje. Nikarudi nyuma hatua. Bwana harusi kumwona mwari kabla ya siku yake, tena kwa kaptula. Nikamuuliza wifi wanawake watupu wako wapi, akasema kaka ndo kalipia, angebakije nyumbani. Abdulmajid mwenyewe akaniambia mama mdogo panda tu, tusichelewe, si tunakwenda kufurahi tu. Nilitaka kurudi ndani na mtoto wangu. Najma akanivuta dera, akaninong'oneza twende tu mama mdogo, yasiwe makubwa. Nikapanda. Ila nilikaa kati yao safari nzima, na nilivyo mnene hakuna aliyemwona mwenzake.

Huko msituni, dada, sikatai, pazuri. Miti imefunga, hewa baridi, ndege wanapiga kelele kama madalali wa Feri. Kijana anayeongoza watu anaitwa Heriel, mpole, ana adabu, kaniamkia vizuri. Akatuvisha helmeti. Yangu ikagoma kuingia kwa sababu ya kilemba, nikaivaa hivyo hivyo juu juu, nikawa kama nimejitwisha sufuria.

Pikipiki zenyewe kubwa kama ng'ombe, mtu anapanda na mwenzake nyuma. Abdulmajid akasema Najma apande nyuma yake. Nikamwambia haiwezekani, hajakuoa bado. Akasema basi nani atapanda, maana wifi kashachukua yake na Heriel anatangulia. Nikapanda mimi. Ndiyo dada, cheka. Mimi mama mkwe mtu, nimekaa nyuma ya mkwe, nimemshika kiuno kwa mikono miwili, tunaruka mashimo na tope jekundu linatupiga usoni. Mkwe ambaye hata kula naye sahani moja ni aibu. Kila tukiruka napiga shahada, yeye anacheka anaongeza moto. Najma nikampandisha kwa wifi yake. Tulipofika mwisho singo yote ya wiki nzima ilikuwa imegeuka udongo, nikamfuta kwa mtandio wangu nikiwa natukana kimoyomoyo.

Haya, waya sasa. Wamefunga waya kutoka mti huu mpaka mti ule, ng'ambo ya bonde, chini huko kijito kinaonekana kama uzi. Unavishwa mikanda mapajani na kiunoni, unaning'inizwa, unasukumwa. Nikasema mi siendi. Najma akasema basi na yeye haendi. Wifi akaanza kuguna, bwana harusi akaanza kusema hela zake, nikaona niende kwanza mimi, nikifa mtoto arudi nyumbani. Nimefunga dera kiunoni, chini nina taiti, namshukuru Mungu kwa taiti. Kunisukuma tu, dada, na kilo zangu hizi, nilikwenda kama gunia limekatika kamba. Sikupiga hata kelele, pumzi zilibaki huko nilikotoka. Nikajibamiza kwenye godoro, kijana wa ng'ambo akanidaka, akasema mama umevunja rekodi. Nikamwambia nyamaza, nipe maji.

Akaja Najma. Sasa mwanao unamjua, upepo ukivuma anashika mlango. Alianza vizuri, kufika katikati mwendo ukaisha, akasimama. Yaani akasimama hewani, anazunguka taratibu kama nguo kwenye kamba. Yule kijana akanituliza, akasema watu wepesi inawatokea, hakuna hatari, mwenzake anaingia kwenye waya anamvuta kwa mikono, dakika mbili tu. Kweli nikamwona Heriel upande wa pili anajifunga mikanda. Halafu akaacha.

Yule kijana wa upande wangu ana redio koli kifuani, na sauti ya Heriel nikaisikia kwa masikio yangu, dada, hakuna aliyenihadithia. Akasema, bwana harusi anaomba tusubiri kidogo, anachukua video.

Najma analia. Analia sauti ya kuita, mama mdogo, mama mdogo, na mtandio umemvuka, ushungi umerudi mgongoni, nywele zote nje, gauni limepanda juu ya magoti. Na ng'ambo ile namwona mwanaume anayetaka kumuoa kanyanyua simu, anamwambia ageuke atabasamu. Anasema kwa nguvu, bonde zima linasikia, na mwenyewe aliyening'inia anasikia. Wifi mtu anacheka mpaka kashika mti. Nilipiga kelele mimi, dada, maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi yenye jina la Mungu juu. Heriel naye akachoka, nikamsikia kwenye redio anasema mimi naenda, akija kunishtaki anishtaki. Ndo akaingia akamvuta mtoto. Alipofika mikononi mwangu alikuwa wa baridi.

Abdulmajid alipovuka akaja anacheka na simu mkononi, anamwonyesha. Najma akamwomba aifute. Alimwomba kwa heshima, akamwita kwa jina lake zuri. Akamjibu acha ushamba, hii ikipanda watu watakufa kwa kucheka, hapa mtandao haushiki tu, tukifika Gongo la Mboto naiachia. Wifi akasema na mimi nitumie kaka, niweke stetasi.

Kutoka hapo wakatupeleka kuogelea, bwawa la maji ya kijito, mawe pembeni, maji meusi ya kina. Mimi na Najma tukakaa kwenye jiwe na madera yetu. Abdulmajid akavua shati mbele ya mama mkwe, sawa, tulishazoea. Akanipa simu yake. Akasema mama mdogo nishikie, nirekodi nikiruka, bonyeza hapa pekundu. Akapanda jiwe la juu, akaruka. Na simu ikaruka.

Umeambiwa niliiangusha. Mimi mwenyewe niliwaambia hivyo, mikono ina jasho, simu inateleza, poleni sana. Wakanitukana mpaka Kariakoo, na Heriel na wenzake wakazamia kuitafuta wakakuta matope tu. Dada, simu ile haikuteleza. Niliitupa. Niliinyanyua nikaitupa katikati ya maji kwa mkono huu huu ninaoshikia kalamu, na ingekuwa nzito zaidi ningeitupa kwa miwili. Nywele za mwanao zilikuwa mle ndani, na magoti yake, na kilio chake, na Gongo la Mboto haikuwa mbali. Aliyeniona ni Najma peke yake. Akanishika mkono, akaubana.

Hilo moja. La pili ndo limenifanya niandike.

Jumapili asubuhi nampaka singo, namsugua lile tope lililobaki mgongoni. Kanipa mgongo, si unajua mwari anavyoongea na somo wake, haangalii usoni. Akasema mama mdogo, mi simtaki tena Abdulmajid. Nikaendelea kusugua, nikajua ni hasira. Akasema siyo hasira. Akasema nimening'inia pale namlilia, yeye akasema nisubiri. Siku nikishikwa na uchungu wa kuzaa, mama mdogo, ataniambia nini? Mkono wangu ukasimama, dada. Nikachota singo nyingine nikampaka palepale nilipokwisha kumpaka, mimi Waridi, ambaye nina majibu mpaka ya maswali ya jirani.

Akasema kwako hawezi kulitamka. Ni aibu, na baba yake kashatoa neno, na mahari imepokelewa. Mwari akisema, anamwambia somo, na somo anampelekea mama. Ndo kazi yangu hiyo, dada, na ndo maana nakwambia usomo huu huwezi kuninyang'anya kabla sijakufikishia. Ukinifukuza nifukuze baadaye.

Na nikwambie lingine utashangaa. Toka jana naijua habari hii na sijamwambia mtu. Ranjanben kaniuliza mbona umenyamaza, unaumwa? Mwenye duka la udi kanipa kiti nikae nimsimulie safari, nimemsimulia miti. Tumbo linaniuma kwa kubana maneno, lakini nimebana.

Mi sikwambii vunja. Shemeji namheshimu, na najua watu wa Kilwa watasema. Ila posa zinarudishwa kila siku mjini hapa, na wenyewe wanakula, wanalala, wanaolewa tena, nawajua wote kwa majina. Njoo tu umsikilize mwenyewe, akupe mgongo useme naye, kabla Ijumaa haijafika. Usimwache apelekwe nyumba ambayo akilia watu wanashika mti kucheka.

Ukishasoma nipigie. Weka spika kama kawaida yako, wasishtuke. Ukiniuliza bei ya madera, nitajua umekataa, na Ijumaa nitamfungia virago vyake mwenyewe, nitamsindikiza mpaka mlangoni kwao nikilia. Ukiniuliza bei ya kanga, nitajua unakuja, na mlango huu hatauvuka mtu wa Magomeni hata aje na tende za Madina.

Singo naendelea kumpaka kila asubuhi. Amesema ya nini tena, nikamwambia ngozi yako haina kosa, kama si ya huyu, basi ya kwako mwenyewe.

Msalimie shemeji, msalimie mama mkwe, mwambie muuza mihogo safari hii hana la kuchangia. Hashimu mpe hata chai, kanibebea kitu kizito na hajui.

Ni mimi mdogo wako, na somo wa Najma mpaka simu yako iite,
Waridi