Chanuo la Mamba Muntu

Likasi, Alhamisi

Kicheko cha dada Béa bado kinaniuma. Nilimsomea sura ya mwisho ya riwaya yangu, pale muuaji anapokiri kwamba alimuua jirani yake ili apate chanuo la mamba muntu, yule mwanamke-samaki wa ziwa Tshangalele anayetajirisha watu.

Akaacha kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, akacheka. "Weye mutoto wa Likasi, kweli? Muntu mwenye iko na ile chanuo hasemake, hata ku bibi yake. Akisema tu, mali yote inarudia mu maji."

Nilijua. Haraka ya kumaliza tu...

Naogopa riwaya hii sitaiweza. Lakini sura nimeichana. Kesho nikiandika upya, inspekta wa riwaya yangu, ambaye ni mzimu, atamuuliza kila tajiri wa mtaa mali yake imetoka wapi. Wote watajigamba, isipokuwa mmoja.

Pingu ni zake.