Firdaus, Ufito Ule Ulifungwa kwa Waya

Mwaka umezunguka, Firdaus Rajab, tangu Jumapili ile ulipotoka nyumbani Old Kampala na buti zako mkononi, ukamwambia mama asikuwekee chakula cha mchana kwa kuwa leo utashiba kombe. Hukurudi. Tulikuzika kesho yake kabla ya adhuhuri, na tangu siku hiyo nyumba hii ina hasira. Wanaoandika kumbukumbu huanza kwa upole. Utuwie radhi, upole bado haujafika kwetu.

Wasiokujua tuwaambie ulikuwa nani. Ulikuwa binti wa Rajab mwenye duka la vipuri vya magari, Mnubi wa damu, uliyejua chujio la kila lori linalopita mji huu na ambaye mafundi walikuogopa kuliko baba, kwa sababu baba hudanganyika. Jumatatu hadi Jumamosi mikono yako ilinuka grisi. Jumapili ilinuka farasi, na mama hajui mpaka leo ni harufu ipi iliyomkera zaidi.

Hukuzaliwa kwenye farasi. Ulikwenda kilabu cha farasi kule nje ya mji kupeleka kipuri cha pampu ya maji, ukamkuta farasi jike mmoja wa rangi ya tumbaku amegeuzia watu mgongo. Mwenye farasi alikuwa anahama nchi na hakuna aliyemtaka mnyama, maana alikuwa hakubali kuruka hata kamba ya kuanikia nguo. Ulirudi nyumbani ukasema umepata rafiki. Tulidhani ni mwanamume, tukafurahi bure.

Ukamwita Tumbaku. Hukumpiga hata siku moja. Ulimnunulia karoti sokoni Kamwokya kila wiki, mpaka wauza mboga wakakuuliza kama umeolewa na sungura. Shangazi Hajara akasema mwanamke anayepanda farasi hatapata wa kumposa, nawe ukamjibu kwa adabu zote kwamba Tumbaku ameshaleta barua. Shangazi hakukusemesha kwa wiki mbili. Leo ndiye anayelia kuliko wote, na huwa hataki tumtajie maneno yale.

Msimu wako ulianza Februari, na mama yetu Sitti alikuja siku ile ya kwanza kwa nia moja tu, kukuvuta sikio mbele ya watu akurudishe dukani. Alikukuta nyuma ya banda unahangaika na manyoya ya shingo ya Tumbaku. Vidole vinavyofungua injini vilikuwa vimeshindwa kusuka. Mama alitazama, akavumilia, akashindwa. Alikusukuma pembeni, akafungua mkoba wake wenye ukindu anaosukia tabaga, vile vifuniko vyetu vya sinia, akamsuka farasi yule shingo nzima kwa nyekundu, zambarau na kijani, kama bibi harusi wa Kinubi kule Bombo.

Sasa yeye angejua wapi? Yale yalikuwa mashindano ya maonyesho, ambapo farasi hatakiwi kuruka kitu. Anatembea, anasimama, anatazamwa alivyoumbwa, alivyotunzwa na adabu zake. Manyoya ya shingo hushonwa mafundo madogo kwa uzi wa rangi ileile ya manyoya, usionekane. Mwamuzi alimzunguka Tumbaku, akakuuliza kama farasi huyu anapitia harusini. Akakuweka wa mwisho. Ulicheka mpaka ukashika tandiko, kisha ukaja kumbusu mama mkono palepale, mbele ya wenye kofia zao. Mama hakucheka. Alitaka kujua ni wapi sheria imesema farasi asipendeze.

Lakini mara ya pili alikuja na sindano na uzi wa kahawia uliokolea, na mara ya tatu wapandaji wengine walikuwa wanamletea farasi wao awashonee. Mwezi wa sita ulishika nafasi ya pili katika maonyesho. Kwa kuruka ulichelewa zaidi. Mwanzoni Tumbaku aliangusha fito kama mtu anayepangua kuni. Ukarudi, ukashusha ufito mpaka karibu na ardhi, ukaanza naye upya, kila Jumapili, kwa maneno tusiyojua ulikuwa unamwambia nini. Septemba mliruka vizuizi vyote bila kuangusha kimoja. Baba, ambaye aliapa hatakanyaga mahali pale, alikupigia simu kuuliza habari ya chujio la dizeli, kisha akauliza kana kwamba amekumbuka ghafla, "Na ile mnyama yako, iliruka?" Ulimwambia imeruka. Alifunga duka mapema siku ile akisema kichwa kinamuuma.

Hapa ndipo tunapotaka kila anayesoma asikilize vizuri.

Katika mchezo huu ufito haufungwi. Unalala tu juu ya vishikio viwili, kimoja kila nguzo, ili farasi akiugusa uanguke. Ukianguka unakosa alama, basi, unaendelea na maisha yako. Ufito usioanguka unamkamata farasi miguu akiwa hewani. Mtoto anayefagia banda analijua hilo. Kamati inalijua. Mwenyekiti wake, bwana Hippolyte, ndiye aliyekufundisha wewe.

Jumapili ya mwisho ya msimu mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na upepo haukutulia. Fito zilikuwa zinaanguka zenyewe, zinapandishwa, zinaanguka tena. Mgeni rasmi alikuwa ameshafika hemani na soda yake, na programu imechelewa. Kamati ikaona aibu. Wakafunga ufito wa kizuizi cha tatu kwa waya.

Mama alikuwa karibu na kizuizi hicho, sindano bado imechomekwa kwenye leso yake. Alikuona unakuja, mgongo umenyooka, Tumbaku masikio mbele. Aliona kwato zinagusa ufito na ufito haukuanguka. Nguzo zote mbili ziliinuka nao, zikaanguka nao, juu ya farasi, nawe chini. Kaka yako Usama aliruka uzio akaja kuuinua ufito ule kutoka kifuani mwako, na haukuinuka, kwa sababu ulikuwa umefungwa. Aliukata waya ule kwa mikono yake. Kovu liko kiganjani mpaka leo, anayetaka kuliona aje dukani.

Tuliporudi uwanjani kutoka hospitali bila wewe, waya haukuwepo. Ufito ulikuwa umelazwa vizuri majanini kama vile ulivyotakiwa kuanguka. Na kabla hatujakuogesha, kilabu kilikuwa kimeshatoa taarifa kwamba mpandaji alimkimbiza farasi kupita kiasi na kukosea kipimo cha kuruka. Eti mpandaji alikosea. Uliyefundisha farasi mwoga kwa kumshushia ufito mpaka chini, eti ndiye uliyekuwa na haraka. Wenye haraka walikuwa mgeni hemani na kamati nje ya hema, na sote tunawajua.

Kisha wakaja msibani. Waliketi kwenye mikeka yetu, wakala pilau yetu, wakasema ni kazi ya Mungu. Kila mmoja alisema hivyo, mpaka jirani zetu wenyewe wakaanza kutuambia tunyamaze, tusiukatae mpango. Bwana Hippolyte aliporudia maneno hayo kwa mara ya pili, mama alimjibu bila kupandisha sauti, akimwita bwana kwa Kiganda.

"Mungu anachukua, mimi sibishani naye. Lakini ile waya, ssebo, ni mtu alifunga."

Mwenyekiti aliondoka bila kumaliza chai.

Umetusikia tukigombana mwaka huu wote, kama huko uliko watu wanasikia. Baba alitaka tuache. Anasema ukidai sana watu watasema unamtumia marehemu. Usama alitaka kwenda kuvunja nguzo zao zote. Mama hakutaka fidia wala hakutaka kuvunja kitu. Alitaka neno moja tu, mtu aseme kwamba walifunga, ili jina lako litoke chini ya uongo ule. Kila wiki alipanda gari kwenda kumpelekea Tumbaku karoti, akapita mbele ya ofisi yao, akangoja neno hilo, akarudi nyumbani nalo halijasemwa. Na farasi naye walimsingizia. Walisema ana miguu mizito, auzwe. Mama aliwaambia wamguse waone.

Mwezi uliopita wakatuletea ujumbe. Wameanzisha kombe kwa jina lako. Wanaiomba familia, kwa heshima kubwa, ije siku ya mwisho ya msimu kumkabidhi mshindi. Tazama watu hawa, Firdaus. Wamekuzika na uongo, sasa wanataka kuupamba kwa fedha iliyong'arishwa. Baba aliona ni heshima. Usama alitoka nje akapiga teke ndoo. Mama akasema tutakwenda, lakini atataka kutembea uwanja.

Wewe unajua maana yake. Kabla ya kuruka, wapandaji huingia kwa miguu, hutembea kutoka kizuizi hadi kizuizi wakipima hatua za farasi. Wasio wapandaji hawaingii. Jumapili iliyopita mama aliingia. Alikuwa na leso yake na kandambili, kati ya buti zote zile, na rafiki yako Akullo, mpandaji mwenzako, akamfuata nyuma pamoja na Usama ili asiwepo wa kumzuia. Alifika kizuizi cha kwanza, akausukuma ufito kwa kiganja. Ukaanguka. Akaenda cha pili, akausukuma. Ukaanguka. Wafanyakazi wakaja mbio kupandisha. Watu wakaanza kunong'ona, na bwana Hippolyte akaja akitabasamu lile tabasamu la kupokelea wageni hemani, kombe lako kwapani.

Alimwambia kwamba wanachelewa.

"Hata mwaka jana mlichelewa," mama alisema. Walikuwa wamefika cha tatu. "Hii sukuma wewe."

Mwenyekiti alitazama kushoto na kulia. Wapandaji wote walikuwa wamesimama. Akausukuma kwa vidole viwili, ukaanguka majanini bila kelele.

"Mwaka jana ilianguka?"

Usama anasema bwana Hippolyte alikuwa anatazama kandambili za mama. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana, "Haikuanguka, mama. Tulifunga. Mgeni alikuwa ananingoja."

Mwaka mzima, Firdaus. Mwaka mzima neno hilo lilikuwa mdomoni mwake, naye anapita nalo, anakula nalo. Mama akamwomba basi aseme hivyo hivyo kwenye kipaza sauti, maana taarifa ya kwanza walisikia wote, na ya pili wasikie wote. Akasema hawezi. Kamati itammaliza, na mawakili wamekataza. Akaanza kulia, mwanaume mzima mwenye tai. Mama hakumfuta machozi. Alimwambia kombe lake alishike mwenyewe, siku atakayosema ndipo yeye mama atakuja kulitoa kwa mkono wake.

Akageuka, akaenda bandani. Tulidhani anakwenda kukaa. Alifungua mkoba, akatoa ukindu, nyekundu, zambarau na kijani, akamsuka Tumbaku shingo nzima kama Februari ile. Akullo akamshika farasi hatamu, akamtembeza uwanjani taratibu, tandiko likiwa tupu, akamsimamisha mbele ya meza ya waamuzi. Yule mwamuzi wa siku ya kwanza alikuwepo. Safari hii hakuuliza habari za harusi.

Kilabu hakikusema. Mshindi alipewa kombe na mtu mwingine, na kipaza sauti kikashukuru wadhamini. Kwa hiyo tunasema sisi, hapa gazetini, mahali ambapo huwa tunaandika jina la marehemu na maneno matamu. Ufito wa kizuizi cha tatu ulifungwa kwa waya. Aliyefunga amekiri mbele ya mama, Usama na Akullo. Tumbaku aliruka kama ulivyomfundisha, na mkono wako ulikuwa sawa.

Mwakani mama atakwenda tena na kandambili zake, na mwaka unaofuata. Atasukuma kila ufito kabla farasi wa kwanza hajaingia, wakitaka wasitake, wachelewe wasichelewe. Tumbaku hauzwi.

Unakumbukwa na mama yako Sitti, baba yako Rajab ambaye sasa ndiye anayenunua karoti, kaka yako Usama, shangazi yako Hajara, rafiki yako Akullo, na mafundi wote waliokuogopa. Mungu akupe Firdaus yake, pepo ya juu uliyoitwa kwa jina lake. Siku zote utakuwa nasi, binti yetu.

Hukukosea.